Uzi: Watoto wa siku hizi hesabu zimewashinda kuliko sisi? Tuangalie ushahidi

Mwalimu wa Kisauni (mwanzilishi wa uzi)

Nina karatasi ya hesabu niliyoiandika kwa mkono mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kuwa ya bure. Ina maswali 20: kujumlisha, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, na maswali machache ya maneno. Kila mtoto anayeletwa kwangu tuisheni ya jioni kwa mara ya kwanza huifanya kabla sijamfundisha lolote. Sijabadilisha hata swali moja, hata lile la bei ya mkate ambayo leo huipati duka lolote la Mombasa.

Wiki iliyopita babu wa mtoto mmoja aliniambia, kwa uchungu wa kweli, kwamba watoto wa siku hizi hawana hesabu kabisa. Yeye darasa la nne alijumlisha shilingi na senti kichwani. Kesho yake mama mwingine akaniambia kinyume: mwanawe wa gredi ya 5 anafanya mambo ambayo yeye aliyakuta sekondari. Wote wawili wanasema walichokiona kwa macho yao. Nimekaa nalo siku kadhaa, nikaona nililete hapa tulizungumze sawasawa. Tutajuaje kama hesabu za watoto zimepanda au zimeshuka kwa miaka 20, 30 au 50?

Wengi tutakimbilia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani ule ulianza 1985 ukaisha 2023, miaka karibu 40 ya alama, na kwenye makabati ya nyumba zetu kuna vyeti vya baba na vya mtoto. Lakini alama zile haziwezi kujibu swali hili. Alama ghafi za kila somo zilikuwa zikibadilishwa ili zikae kwenye kipimo ambacho wastani wake ni karibu na 50, kila mwaka. Ni kama kuwapanga watoto mstarini kwa urefu. Utajua nani kampita nani mwaka ule. Hutajua kama watoto wa 2010 ni warefu kuliko wa 1990, kwa sababu kila mwaka umeanza mstari mpya. Kwa hiyo baba aliyepata 62 ya hesabu na mwana aliyepata 62 hawakupimwa kwa futi moja.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nayo mjihadhari nayo. Mwaka 2015 waliopata A safi walizidi 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Hakuna mtu timamu atakayesema akili za vijana wa Kenya ziliporomoka kwa miezi 12. Kilichobadilika ni udhibiti wa mtihani, wizi wa karatasi ulipokabwa, na namna ya kusahihisha na kupanga gredi.

Ukitaka kujua mwendo wa miaka mingi, sharti uwaulize watoto wa vizazi tofauti maswali yale yale, wakiwa na umri ule ule. Ninayemjua aliyefanya hivyo kwa muda mrefu zaidi ni Marekani. Wana tathmini iitwayo NAEP, na ndani yake kuna tawi la mwendo wa muda mrefu lililoanza kupima hesabu mwaka 1973, kwa watoto wa miaka 9, 13 na 17. Sehemu ya maswali hufichwa na kurudiwa mwaka hadi mwaka, ndiyo maana alama zake, kwenye kipimo cha 0 hadi 500, zaweza kulinganishwa.

Watoto wa miaka 9 walianza na 219 mwaka 1973, wakafika 244 mwaka 2012. Wa miaka 13 walitoka 266 wakafika 285. Huo ni mpando mkubwa, na ulikuja katika miaka ambayo wazee wa kule nao walikuwa wakilia kwamba watoto wameharibika. Lakini wa miaka 17 walikuwa 304 mwaka 1973 na 306 mwaka 2012. Miaka karibu 40, wamesimama pale pale. Mimi jambo hili hunishughulisha kuliko lolote. Mtoto anafika mbali zaidi akiwa na miaka 9, anafika mbali zaidi akiwa na 13, halafu ule ubora unayeyuka kabla hajamaliza shule.

Kisha mteremko. Miaka 9: 241 mwanzoni mwa 2020, kabla tu shule hazijafungwa, halafu 234 mwaka 2022. Miaka 13: 280 mwishoni mwa 2019, halafu 271 mwishoni mwa 2022. Hiyo 271 ni karibu na walipokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nitaendelea na ya kwetu. Karibuni.

---

Naweka Kambi, Bamburi

Niko hapa. Endelea Mwalimu.

---

Mama Wawili, Likoni

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma yote, lakini niseme ukweli, Marekani yanihusu nini mimi? Darasa la mwanangu wamebanana, mwalimu hawezi hata kupita katikati ya madawati. Wanangu hutoka shule alasiri, wanaingia chuo cha Kurani, magharibi ndiyo wanafika nyumbani, na hapo bado kuna kazi ya shule. Wakati wa korona shule zilipofungwa Machi 2020, wa kwangu wa kwanza alikuwa gredi ya 4, akarudi Oktoba. Mdogo wake alisubiri mpaka Januari 2021. Simu ilikuwa moja, na niliondoka nayo asubuhi kwenda kazini. Tofauti ya wale watoto wawili naiona mpaka leo. Wa kwanza ana nafuu. Wa pili akiona tarakimu tatu anashika kichwa.

Nataka kujua ya Kenya, na nataka kujua ya mtoto kama huyu wa pili.

---

Mwalimu wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Umeuliza mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Nianze na la kwanza.

Kwetu kuna vipimo viwili vinavyokaribia kile ninachokisema. Kimoja ni SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima darasa la sita. Hesabu zilipimwa mwaka 2000 na tena 2007 kwa kipimo kinacholingana, wastani wa nchi zote ukiwa umewekwa 500 mwaka 2000. Kenya ilipata 563, ya pili nyuma ya Mauritius. Mwaka 2007 tulipata 557. Tanzania bara ilitoka 522 ikafika 553.

Cha pili ni Uwezo, kilichoanza Kenya mwaka 2009. Uzuri wake ni kwamba hakiwapimi watoto shuleni bali nyumbani, kwa hiyo kinamkuta hata mtoto aliyekosa shule siku hiyo au aliyeiacha kabisa. Walikuwa wakimpa kila mtoto kazi ya kiwango cha darasa la pili, awe na miaka 7 au 14. Ripoti zao zilirudia jambo moja kwa miaka: katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 hivi ndio waliweza kazi ya darasa la pili. Hakuna kuporomoka, hakuna kupanda. Tuliganda.

Kwa hiyo babu niliyemtaja na mama niliyemtaja, kila mmoja ana kipande cha ukweli. Hatuna ushahidi kwamba watoto wote wamekuwa wabovu. Tunao ushahidi kwamba wengi hawakuwahi kushika msingi, na kwamba miaka inapita wakiwa hapo hapo.

---

Mhasibu wa Changamwe

Mwalimu, kwa heshima, mbona wapita juu juu kwenye ile 563 kwenda 557? Hapo katikati kuna nini? Elimu bure ya Januari 2003. Madarasa yalifurika, walimu hawakuongezwa, vitabu vikagawanywa watoto watatu kitabu kimoja. Mimi nilikuwa darasa la saba mwaka ule, niliona kwa macho. Tukubali tu kwamba tulifungua mlango na ubora ukatokea dirishani. Na mwaka 2025 tukaambiwa hesabu isingekuwa lazima sekondari ya juu, mpaka watu wakapiga kelele ndipo waziri akarudi Aprili akasema kila mwanafunzi atafanya hesabu, ya msingi au ya kina kulingana na njia aliyochagua. Nchi isiyoheshimu hesabu itapata watoto wasiojua hesabu.

---

Mwalimu wa Kisauni

Hoja yako ni nzuri, kaka, na kufurika kwa madarasa hakuna wa kukukanushia. Nilikuwa mbele ya darasa kama hilo, chaki mkononi, watoto mpaka mlangoni. Lakini tuisome namba ile polepole.

Kwanza, kwenye kipimo cha SACMEQ alama 100 ndiyo hatua ya kawaida ya mtawanyiko kati ya wanafunzi, yaani wengi wao hukaa ndani ya alama 100 juu au chini ya wastani. Alama 6 ni upepo mdogo sana.

Pili, na hili ndilo kubwa: ni nani waliopimwa? Mwaka 2002 watoto wa shule za msingi nchini walikuwa kama milioni 5.9. Mwaka 2003 wakafika kama milioni 7.2. Waliokuja ni kina nani? Ni wale waliokuwa wakiuza kashata stejini, wakivua na baba zao, wakichunga wadogo zao. Mwaka 2000 kipimo hakikuwaona watoto hao kwa sababu hawakuwa darasani. Walipoingia, wastani ulikuwa na kila sababu ya kuanguka vibaya. Uliteleza alama 6 tu. Mimi nikiiona namba hiyo naona walimu waliojinyima, na nasema hivyo bila kutafuta sifa.

Tatu, Tanzania nayo ilifuta ada ya shule za msingi katika miaka hiyo hiyo, na alama zao zikapanda kwa kama 30. Kwa hiyo mlango wazi peke yake hauufukuzi ubora.

Tahadhari hii ya kuuliza nani yumo na nani hayumo ndiyo inayokosekana tunapolinganisha enzi. Mzee anayesema "sisi tulikuwa tunajua" anakumbuka darasa lililokuwa limekwisha chujwa. Wenzake walioshindwa waliondoka mapema, na hakuna aliyewahesabu.

Hilo la hesabu kuwa lazima mwaka 2025, niko upande wako kabisa.

---

Mzee wa Mji wa Kale

Mimi ni katika hao waliochujwa wakabaki. Wakati wangu nilisoma ile iliyoitwa hesabu mpya, iliyotokana na warsha za Entebbe miaka ya 1960. Tulijifunza seti na miduara inayoingiliana, wazazi wetu wakashangaa, kisha serikali ikaitupa. Wazazi wetu walisema juu yetu maneno haya haya tunayosema juu ya wajukuu. Sikulifikiria hilo mpaka nilipousoma uzi huu. Ahsante Mwalimu.

---

Kijana wa Takwimu, Tudor

Naongeza la PISA, kipimo cha kimataifa, kwa wanaotaka kuona nje ya Marekani. Hupima vijana wa miaka 15, tangu mwaka 2000. Finland, ambayo kila semina ya walimu waliisifu, ilikuwa na 548 ya hesabu mwaka 2006. Mwaka 2022 ilipata 484. Singapore mwaka huo huo walikuwa 575. Nchi za OECD, muungano wa nchi nyingi tajiri unaoendesha kipimo hicho, kwa jumla zilishuka alama karibu 15 kati ya 2018 na 2022, mshuko ambao haukuwahi kuonekana kabla.

Watu wengi wanasema ni korona. Lakini Finland ilianza kuteremka zamani. Na kwenye zile namba za Mwalimu, wale wa miaka 13 wa Marekani walishuka kutoka 285 hadi 280 kati ya 2012 na mtihani uliofanywa mwishoni mwa 2019. Korona haikuwepo. Kwa hiyo kuna kitu kilianza kabla. Simu? Mimi naidhani simu, maana miaka inaingiliana, ila najua kuingiliana kwa miaka si ushahidi. Nalitaja ili tusilibebeshe janga moja mzigo wote.

---

Mwalimu wa Kisauni

Umenitoa neno mdomoni, kijana wangu. Na sasa narudi kwa Mama Wawili, kwa swali lake la pili, kwa sababu namba hizi zina kitu ndani ambacho wastani hukificha.

Kati ya 2020 na 2022, watoto wa Marekani wa miaka 9 walishuka alama 7 kwa wastani. Lakini ukiwatenga, wale wenye uwezo wa juu kabisa walishuka 3, na wale wa chini kabisa wakashuka 12. Shule ile ile ilifungwa, kwa janga lile lile. Aliyekuwa na meza, kompyuta na mzazi wa kukaa naye alipoteza kidogo. Aliyekuwa na simu moja iliyoondoka asubuhi na mama yake alipoteza mara nne. Mama wa Likoni, mwanao wa pili yumo ndani ya namba hiyo, hata kama ilipimwa ng'ambo.

Ndiyo sababu nachoka na mikutano ya wazazi. Nimehudhuria mingi, na kila mara tunasomewa wastani wa shule: tumepanda nukta mbili, tumeshuka nukta moja, makofi au miguno. Hakuna anayesimama kuuliza wale 10 wa mwisho wako wapi, ni wale wale wa mwaka jana, na wamekwama kwenye nini. Wastani waweza kupanda huku wao wakizama, kwa sababu walio juu wanauvuta.

Nchi yetu inao mfumo wa kitaifa wa kufuatilia mafanikio ya wanafunzi, NASMLA wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, ambao si mtihani wa kumpeleka mtu popote. Na mtaala wa sasa una tathmini ya gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2022. Ombi langu ni dogo: maswali machache yafichwe na kurudiwa kila miaka michache, na matokeo yatolewe kwa tabaka, wa juu, wa kati na wa chini, kaunti kwa kaunti. Hapo mwaka 2045 mtu wa Mombasa hatakuwa na haja ya kubishana na babu yake. Ataangalia.

Mama, nimekutumia ile karatasi kwa njia ya faragha. Mkalishe mwanao mdogo, usimsaidie, usimharakishe. Usiniambie amepata ngapi. Niandikie majibu aliyokosa kama alivyoyaandika yeye.

---

Mama Wawili, Likoni

Mwalimu, amefanya. Kujumlisha amepata yote. Kuzidisha kwa 7 na 8 amebahatisha. Lakini kwenye kutoa amenivunja moyo. 402 toa 178 ameandika 376. 503 toa 267 ameandika 364. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka ulivyosema.

---

Mwalimu wa Kisauni

Umefanya vyema kutomkemea, maana mtoto huyu hakubahatisha hata kidogo. Tazama alichofanya. Mkono wa kulia, 2 na 8: ametoa ndogo kwenye kubwa, akaandika 6. Katikati, 0 na 7: akaandika 7. Kushoto, 4 na 1: akaandika 3. Hiyo ndiyo 376. Fanya hivyo hivyo kwenye swali la pili utapata 364, kama alivyopata yeye. Ana kanuni, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe ni mbovu. Pengine aliambiwa zamani kwamba kubwa haitolewi kwenye ndogo, akalishika neno hilo kwa nguvu zote. Somo la kukopa lilipofundishwa, nadhani ilikuwa ile miezi shule zimefungwa, au alikuwa nyuma kabisa ya darasa.

Kosa hili ni la zamani. Nimeliona kwenye karatasi zangu za 2004 na nimeliona mwaka huu. Sikuwahi kuona mtoto akitoka nalo kwa kuambiwa "soma kwa bidii." Kule India, shirika la Pratham, lililoanza 1995, limeonyesha njia: watoto wapangwe kwa kile wanachokiweza, si kwa umri wala darasa, wafundishwe kutoka hapo kwa vipindi vifupi kila siku. Mtoto wa gredi ya 7 mwenye kosa la gredi ya 3 afundishwe la gredi ya 3, bila aibu.

Wewe anza leo na pesa. Huyu si mtoto wa kutumwa dukani? Mpe noti nne za mia na sarafu mbili za shilingi moja. Hiyo ni 402, na makumi hamna. Mwambie mteja anadai 178. Mwache ahangaike. Atakuambia hawezi kutoa 70 maana hana makumi. Muulize muuza duka hufanyaje. Atakwenda kuvunja mia moja iwe kumi kumi, kisha avunje kumi moja iwe shilingi shilingi. Akishafanya kwa mikono mara tatu au nne, ndipo umwekee kalamu, na kila anachokivunja mezani akiandike juu ya tarakimu.

---

Mhasibu wa Changamwe

Nimeisoma hii mara mbili. Nina mpwa wa gredi ya 6 hapa nyumbani, nimempa 402 toa 178 sasa hivi. 376.

---

Mwalimu wa Kisauni

Basi nawe tafuta sarafu, kaka.

---

Mama Wawili, Likoni

Mwalimu, ni usiku lakini niandike kabla sijalala. Noti za kweli sikuwa nazo, tumekata karatasi za daftari. Alihangaika pale pale uliposema, kwenye makumi. Kisha akasema mwenyewe, "Mama, si tuvunje mia?" Amevunja. Ameandika 224. Nikampa 503 toa 267, akaandika 236 bila kugusa karatasi. Sasa amekataa kulala, ameniandikia swali langu mimi: 1,000 toa 376.

Karatasi za mia zimetuishia. Tunakata nyingine.